Majina ya ngano za Kifaransa: fungua jina kwanza, ndipo usikilize mlio

Carabosse, jina la ajuza mchawi wa ngano, linatisha kwa sababu ya sauti zake nzito, sivyo?

Swali hili haliishi kuletwa, na kila mara bila kamusi kufunguliwa. Ndani ya Carabosse kuna *bosse*, nundu. Msikilizaji wa Kifaransa anauona mgongo wa yule ajuza kabla hajapima sauti yoyote. Ndivyo ilivyo kwa Truitonne, binti katika ngano ya mtunzi Madame d'Aulnoy: *truite* ni samaki mwenye madoadoa, na mtunzi mwenyewe anaeleza kwamba uso wa binti huyo ulikuwa na madoa kama yake. Kwa Grognon, mama wa kambo katika ngano nyingine ya d'Aulnoy, mlio upo kweli, maana *grogner*, kuguna, ni kitenzi kinachoiga mguno wenyewe. Kata jina vipande, tafuta maana ya kila kipande. Kinachobaki bila maana ndicho ushahidi wako wa sauti.

Je, "-on" mwishoni huonyesha ukubwa?

Kwa kawaida hapana. *Chaton* ni mtoto wa paka, *ourson* mtoto wa dubu.

Zile "l" mbili za Cendrillon (Cinderella, kutoka *cendre*, majivu) ndizo zinazolilainisha?

Hakuna "l" hapo. Hutamkwa karibu na "sandriyo", na "o" ya mwisho ikipitia puani. Andika matamshi kabla ya kuchambua. Herufi hazina mlio. Na msisahau kwamba kwa mtunzi Charles Perrault, 1697, jina lililozoeleka nyumbani lilikuwa Cucendron, lenye *cul*, makalio. Cendrillon ni jina alilopewa na yule dada mdogo wa kambo, asiye mtovu wa adabu kama mkubwa wake. Wanaosifia utamu wa jina huruka tusi hilo.

Basi lipo jina la mlio mtupu?

Lipo: Ricdin-Ricdon, shetani katika ngano ya mtunzi Mademoiselle Lhéritier, 1705. Msichana Rosanie anapewa naye fimbo ya kusokotea nyuzi kwa miezi mitatu. Asipolikumbuka jina siku ya kuirudisha, anakuwa mali ya shetani. Konsonanti za nusu zote mbili ni zilezile, irabu ya mwisho tu inageuka, kama katika *tic-tac* na *cric-crac*; hapa ya mbele ya kinywa hutangulia, ya nyuma hufuata. Halina mzizi wa kushika, ndiyo maana linamponyoka msichana. Hapa sauti inaendesha kisa chenyewe, na hapa ndipo ningependa maswali yenu yaelekee.

Natafsiri Cendrillon. Nimwite Mjivuni, kwa sababu ya majivu?

Usithubutu! Mjivuni ni mwenye majivuno. Utakuwa umemvisha mtoto mnyenyekevu kiburi cha dada zake. Kijivu nalo limeshachukuliwa na rangi. Jaribu Kimajivu: jivu linasikika, na "ki-" inabeba udogo na dharau pamoja, kazi ambayo "-illon" haiimalizi peke yake. Kisha lisome kwa sauti mbele ya watoto. Wakiuliza "Ki-nini?", rudi mezani.