Moyo wake unasukuma asilimia ngapi?

Ukiwa na mgonjwa wa moyo nyumbani, usitoke kwa daktari kabla hujamuuliza swali hilo. Mimi sikujua kuuliza.

Mdogo wangu alijifungua salama hapa Bukavu. Wiki ya tatu akawa hawezi kupanda mlima wa Kadutu bila kusimama mara nne. Usiku analala ameketi. "Yaya, nikilala chali nazama," akaniambia. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Zahanati ya kwanza ilisema ni uchovu wa uzazi, ikatupa vitamini. Siku tisa zikapotea. Kumbe kuna ugonjwa unaodhoofisha moyo wa mzazi mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua.

Daktari wa pili alimlaza ubavu wa kushoto, akampaka jeli baridi, akamfanyia ekografia ya moyo. Haiumi. Kwenye skrini nikauona ukuta wa moyo ukisogea kivivu, kama mtu anayekunja kiganja huku usingizi umemshika. Karatasi ikaandikwa kwa Kifaransa: FEVG 30 %, yaani asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto cha moyo hutoa kwa kila pigo.

Mama alilia. Shuleni kwetu, chini ya 50 umeanguka. Lakini hizi si pointi za mtihani. Chumba cha kushoto cha moyo kikijaa mililita 120, tuseme, na pigo moja likatoa 70, hiyo ni kama asilimia 58, na moyo huo ni mzima. Hakuna moyo unaotoa damu yote. Kati ya 50 na 70 ni kawaida; 40 kushuka chini, umedhoofika.

Wapimaji wawili wanaweza kupishana pointi tano au zaidi kwa moyo ule ule. Kwa hiyo 30 ikiwa 33, msishangilie bado. Rudini kwa mpimaji yule yule ikiwezekana, na karatasi ya zamani mkononi. Tena namba nzuri isiwafumbe macho: kuna moyo wa 60 uliokakamaa, haujai vizuri, na mwenyewe anavimba miguu vile vile.

Mdogo wangu alikunywa dawa bila kuruka, akajipima uzito kila asubuhi kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, tulijua ni maji, tukampigia daktari. Baada ya miezi sita: 48. Siku hiyo hiyo akataka kuacha dawa, maana sasa anapanda mlima na mtoto mgongoni. Daktari akakataa. Kuhusu mimba nyingine, akamwambia aje na mumewe wazungumze kwanza, kabla haijaingia.