Ukitaka kuingia biashara ya boriti Lamu, jua korja kwanza

Vijana mnaotaka kushuka Lamu kuanza boriti, hii miti ya mikoko ya kujengea, nisikizeni mimi nilieungua. Korja ni miti 20, hilo kila mtu atakwambia, ila hakuna atakaekwambia 20 ya nini. Mara yangu ya kwanza nililipia korja za boriti, muuzaji kaweka boriti juu, katikati kajaza mazio, miti miembamba kuliko boriti, na mimi nimesimama kivulini na daftari naandika anachonitajia, kuja kupakua Mombasa fundi kapima mmoja tu akanitazama, nikajua pesa imeenda.

Kwa hio beba futi. Nyembamba kabisa ni fito, halafu pau, mazio, boriti, nguzo. Pima upana shinani sio nchani, boriti inaanzia kama sentimita 11.5, chini ya hapo ni mazio hata akuapie. Na uujue mti wenyewe, mkoko, msinzi na mkandaa ndo miti ya kujengea, mchu usikubali uchanganyiwe. Nenda kaangalie dari za nyumba za zamani mjini, vile vyumba vyembamba virefu, upana wake umefuata urefu wa boriti, hapo utaelewa kwa nini mti uliopinda hauna bei.

Usimwekee nahodha tarehe, muulize mwezi una siku ngapi. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, chombo kinaingia ndani kabisa ya mikono ya bahari kuchukua miti, maji mafu, yaani maji madogo, kinabaki nje na mzigo wako unalala matopeni, na wewe mnunuzi wako anapiga simu kila saa.

Kibali usifanyie mchezo. Kuna cha kukata na kuna cha kusafirisha, vyote vya KFS, shirika la misitu la Kenya, uvione kwa macho yako kabla hujatoa hata advansi. Wazee wanakumbuka majahazi yakiondoka na kusi kupeleka boriti Arabuni, hio ilikatazwa 1982, atakaekwambia ana njia ya kutoa nje mkimbie. Na 2018 ukataji ulisimamishwa kwa muda, nyumba nyingi huku zililala njaa, ndo maana nakasirika nikiona mtu anakata vichanga ovyo, mkoko ukiisha sisi tutakula nini?

Siku ya kupakia usikae kivulini. Shuka majini na wapakizi, hesabu kwa mkono wako, kila korja ikitimia chora alama ya makaa kwenye shina la mti wa mwisho, halafu ndo utoe pesa.