Kabla hujanunua pikapu ya slaidi, tafuta bisibisi

Kwa miezi minne niliamini mkono wangu ndio mbovu. Nikipeleka slaidi, kile kibomba cha kioo kinachovaliwa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi za gitaa, hadi freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), uzi ule mnene kabisa ulitoa sauti mbili zinazogombana, kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Nasogeza kidogo mbele, narudi kidogo nyuma, haitulii. Kwenye slaidi freti hazikuokoi, sikio ndilo hakimu, kwa hiyo nikajilaumu na kuzidisha mazoezi.

Siku moja nikapeleka amplifaya kwa fundi redio, mzee ambaye hajawahi kushika gitaa maishani. Akataka nipige asikie mngurumo. Nikapiga. Akainama, akachungulia chini ya nyuzi. "Kijana, hizi sumaku umezipandisha hivi za nini? Si zinauvuta uzi?" Akachukua bisibisi, akageuza skrubu mbili za pikapu ya shingoni, yaani kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachodaka mtetemo wa nyuzi, ikashuka. Sauti ikatulia pale pale. Miezi minne!

Tangu hapo, anayeniuliza anunue pikapu gani (na hapa sizungumzii Hilux) namjibu kwa swali: ulizonazo ziko umbali gani kutoka kwenye nyuzi? Sisi wa slaidi hunyanyua nyuzi ili kioo kisigonge freti. Nyuzi zikipanda, sauti inapungua, basi mtu anaipandisha na pikapu izifuate. Pikapu ya koili moja yenye vijiti vya sumaku, hasa sumaku za aina ya Alnico 5, ina mvuto mkali. Ikisogea mno, uzi hautetemeki kwa uhuru: noti inakufa mapema, tena inayumba. Mimi naziacha milimita 4 chini ya uzi mwembamba na 5 chini ya mnene, nyuzi zikiwa wazi, halafu nasikiliza na kurekebisha. Fanya hivyo wiki nzima kabla hujatoa hela.

Mimi hela nilishatoa. Dukani niliambiwa pikapu fulani ya darajani, kule nyuzi zinakofungwa, "ina nguvu", sumaku ya seramiki, na mita ya ukinzani wa koili ikasoma kilo-ohm 16. Nguvu ilikuwepo, sikatai. Lakini koili yenye mizunguko mingi hivyo inameza sauti za juu na kuvimbisha za katikati, na amplifaya inalemewa mapema. Ikilemewa, vidogo vinapanda hadi kulingana na vikubwa: mkwaruzo wa kioo kwenye nyuzi nene, mguso wa bahati mbaya, vyote vinasikika sawa na noti. Nitue kwa upole, nitue kwa hasira, jibu ni moja. Slaidi isiyo na upole na hasira ni king'ora cha ambulensi.

Koili ya kawaida ya gitaa la Stratocaster la Fender husoma karibu kilo-ohm 6, P-90, pikapu ya koili moja ya kampuni ya Gibson, karibu 8, na hambaka (pikapu za koili mbili) za mtindo wa zamani kati ya 7 na 8 na nusu. Namba hiyo peke yake haimalizi mambo, maana unene wa waya wa koili na aina ya sumaku navyo vina kauli. Hata hivyo, kwa slaidi mimi siondoki humo.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni usawa wa nyuzi. Kidole kinaweza kuubembeleza uzi mmoja na kuukaripia mwingine. Kioo kinazilalia nyuzi kwa uzito ule ule, na kasoro yoyote ya pikapu inatoka nje. Kwenye Stratocaster za miaka ya 1950 kijiti cha sumaku cha uzi wa tatu (tukihesabu kutoka mwembamba) kilinyanyuliwa juu, kwa sababu enzi hizo uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya na sauti yake ilikuwa hafifu. Leo wengi tunafunga uzi wa tatu mtupu, lakini pikapu nyingi za mtindo huo zinafuata mpangilio ule ule. Mimi natyuni G wazi, yaani D G D G B D kutoka uzi mnene hadi mwembamba, kwa hiyo uzi wa tatu ndio wenye noti ya nyumbani, G. Ulikuwa unapiga kelele kuliko wenzake wote. Na usijaribu kukisukuma kijiti chini: kwenye pikapu nyingi za aina hiyo waya wa koili, mwembamba kuliko unywele, umezungushwa juu ya vijiti vyenyewe. Ukiukata, imekwisha.

Nikahamia P-90, ambayo Gibson wanayo tangu 1946. Nilikata plastiki ya mbele ya gitaa kwa msumeno mdogo, kazi mbaya mbaya, na yule mzee akanichomea risasi. P-90 ina skrubu sita, moja kwa kila uzi. Nikashusha ya tatu mzunguko mmoja na nusu, nyuzi sita zikawa kwaya moja.

Inanguruma, ndiyo. Ni koili moja, inadaka mvumo wa umeme, na hotelini tunakopiga friji la vinywaji liko hatua tatu kutoka jukwaani. Slaidi ya kioo inaongeza tatizo: nyuzi zimeungwa na ethi kupitia daraja, na ukizigusa mngurumo hupungua, ila kioo hakipitishi umeme. Mkono wa kulia ukiinuka, mvumo unarudi. Dawa ni kulaza vidole vya nyuma ya slaidi juu ya nyuzi. Ungepaswa kuvilaza hata hivyo, kuzima milio ya nyuma. Ukishindwa kabisa, chukua hambaka, koili mbili zinazofutiana mvumo, ambayo Seth Lover aliibuni pale Gibson mwaka 1955. Mwanamuziki maarufu Duane Allman alipiga slaidi kwa hambaka, kidoleni chupa ya dawa ya Coricidin, na hakuna aliyemlalamikia.

P-90 yangu iko shingoni kwa sababu ya hesabu moja ninayoipenda. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648, slaidi ikiwa freti ya 12 unabaki na uzi wa milimita 324. Pikapu ya shingoni iko kama milimita 162 kutoka darajani: katikati kabisa. Hapo haisikii mawimbi yanayougawa uzi mara mbili au mara nne, na noti inatoka mviringo, kama filimbi.

Darajani nimerudisha ile ya zamani iliyokuja na gitaa. Vya bei nafuu havina aibu: mpiga slaidi Ry Cooder aliweka shingoni pikapu ya Teisco, gitaa la bei nafuu la Kijapani, na mwingine, Lowell George, badala ya kioo alipigia soketi ya kufungulia plagi ya gari. Soketi yangu nilipewa na fundi gari jirani, ni nzito, naitumia siku kioo kikinipotea.

Ile ya kilo-ohm 16 iko kwenye droo. Kijana mmoja anayepiga roki ameshakuja kuitazama mara mbili. Akija ya tatu namwachia kwa nusu bei.