Maswali ya Wasomaji: Barabara Hii ni ya Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Umalila, Mbeya Vijijini. Kila msimu wa mvua barabara yetu hukatika mahali palepale, bondeni penye kalavati. Fuso hukwama, na dalali hushusha bei ya gunia kwa kisingizio cha usafiri. Ofisi ya kwanza tuliyokwenda ilituambia barabara si yao. Ya pili ikatuambia tusubiri bajeti. Mwenye barabara ni nani, na kwa nini greda hupita karibu kila mwaka lakini ubovu hauishi?

JIBU: Ndugu yetu mkulima, pole kwa hasara na kwa mzunguko wa ofisi. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, yaani TANROADS, ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za wilaya, zikiwemo zinazotoka vijijini kama yako, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ili kupokea kazi iliyokuwa ikifanywa na halmashauri. Kwa hiyo barua yenu iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala kwa diwani. Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Ina maana kwamba hata bodaboda anayebeba viazi vyako hadi lami huchangia kila anapojaza tangi, nanyi mna haki kamili ya kuuliza.

Kuhusu greda, tatizo ni maji. Barabara ya udongo huishi kwa mgongo wake: katikati huinuliwa ili maji yateremke pande zote mbili hadi kwenye mitaro. Greda likipita miaka kadhaa bila kumwagwa kifusi kipya na kushindiliwa, udongo husukumwa pembeni, barabara huzama ikawa chini kuliko mashamba, na mvua ya kwanza huigeuza kuwa mfereji. Niliwahi kusimama juu ya kalavati la namna hiyo, karibu na Mbalizi, muda mfupi baada ya mvua kukatika. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na mabua ya mahindi, matope na chupa za plastiki, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yamepanda juu na kumega ukingo kiasi cha hatua mbili. Kalavati lenyewe lilikuwa zima kabisa. Vijana wanne wenye majembe wangeweza kulizibua kwa asubuhi moja mwezi Oktoba, na ndiyo sababu ninaona ni jambo jema sana TARURA inapowapa vikundi vya kijamii kazi za kufyeka na kuzibua mitaro, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji hupita wapi.

Sasa suala la wakati, ambalo naona ndilo linalowaumiza wengi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ombi linalopelekwa Julai, wakati machungu ya msimu uliopita yangali moyoni, huwa limekwisha kuchelewa kwa mwaka huo. Pigeni picha mvua zikiwa zimechachamaa, andikeni muhtasari wa kikao cha kijiji, upitishwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, nao umfikie meneja kabla mapendekezo ya mwaka unaofuata hayajafungwa. Barabara ikikatika kabisa, msisubiri utaratibu huo. Yapo matengenezo ya dharura, yaombeni siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jirani na Inyala, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Watoto huvuka mbele ya malori yanayoteremka kwa kasi. Wazazi wanataka kujenga tuta wenyewe. Unatushauri nini?

JIBU: Mwalimu, hofu ya wazazi ni ya haki, lakini nawasihi wasilijenge. Kisheria hawaruhusiwi, na kiusalama ni hatari: lori lenye mzigo, ambalo sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufikia tani 56, likikutana ghafla na tuta kwenye mteremko hulazimika kukanyaga breki ambazo huenda zimekwisha kupata moto. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayopaswa kuzuiwa na breki huwa mara nne. Dereva anapaswa kuonywa mapema, akiwa bado juu, aweke gia ndogo.

Andikeni kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, na nakala kwa Kikosi cha Usalama Barabarani. Ombeni kivuko cha watembea kwa miguu, alama za shule pande zote mbili, kibao cha kilomita 50 kwa saa, na zile rasta zinazomtikisa dereva kabla hajafika kivukoni. Elezeni idadi ya watoto, saa wanazovuka na jiwe la kilomita lililo karibu, kwa maana mhandisi huanzia hapo. Na kibao kikishawekwa, kijiji kikilinde. Inasikitisha kuona nguzo ya alama ya shule imekatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

SWALI: Tunataka kupitisha bomba la maji chini ya barabara ya changarawe hapa Tukuyu. Je, tunaweza kuchimba usiku na kufukia?

JIBU: Hapana. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inawataka kwanza mpate kibali cha mamlaka yenye barabara hiyo. Udongo uliofukiwa bila kushindiliwa hutitia mvua zikianza, na pikipiki ya kwanza kupita gizani ndiyo itakayoligundua shimo.