Kabla ya Kujenga Vibanda vya Udongo Kando ya Ziwa

Wengi wanaoniomba ushauri juu ya kujenga nyumba za wageni za udongo hapa Mwanza huja na picha ya jangwani kwenye simu, na mara nyingi ni ya Adrère Amellal, ile hoteli ya oasisi ya Siwa, magharibi mwa Misri, isiyo na umeme na inayomulikwa kwa mishumaa usiku. Naipenda hoteli hiyo, lakini nimesimamia ujenzi wa vibanda vya wageni upande wa Igombe, na siwezi kumshauri mtu yeyote aulete ukuta ule huku.

Kuta za Siwa hujengwa kwa kershef, yaani mabonge ya chumvi kutoka kwenye maziwa ya huko yanayoshikizwa kwa udongo. Ukuta huo mnene hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku, jangwa linapopoa. Tatizo ni kwamba chumvi huyeyuka: Shali, ngome ya Siwa iliyojengwa karne ya 13, iliharibiwa vibaya na mvua ya siku tatu mwaka 1926. Sisi hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka.

Kwa hiyo anza na msingi, na hapo Mwanza ina bahati, kwa maana mawe ya itale yametapakaa kila mahali. Tazama nyumba yoyote ya zamani ya udongo Usukumani baada ya masika: matone yanayodunda kutoka ardhini huacha alama ya matope hadi karibu na goti, na ukuta huanza kumomonyoka papo hapo. Mawe ya msingi yaipite alama hiyo, na upenu utokeze vya kutosha, hata kama fundi atalalamika kwamba unamaliza mbao.

Udongo wenyewe upime kabla ya kununua hata tripu moja. Jaza chupa nusu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha iache hadi kesho yake. Mchanga hutua kwanza na mfinyanzi mwisho, nawe utaona kwa macho kiasi cha kila kimoja. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka ukikauka. Udongo wa kichuguu hunata vizuri na unafaa kusiliba, ila uchanganywe na mchanga. Matofali ya kuchoma siyahesabu kuwa rafiki wa mazingira, kwa jinsi tanuri linavyokula kuni. Ni afadhali ya kushindilia, yenye saruji kidogo, yakaushwe kivulini huku yakimwagiliwa maji.

Tofauti nyingine ni hewa. Jangwani madirisha huwa madogo, lakini hapa kuna unyevu, na upepo hutoka ziwani mchana na nchi kavu usiku, kwa hiyo kila chumba kiwe na madirisha yanayotazamana, yenye wavu wa kuzuia mbu.

Usikaribie maji mno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na waliodhani katazo hilo ni la makaratasi tu walipata jibu ziwa lilipofurika mwaka 2020 na tena 2024.

Paa la nyasi liwe na mwinuko wa nyuzi 45 hivi, ili maji yateremke upesi. Nyasi zikatwe kiangazi zikiwa zimekauka, na jiko lijengwe mbali na vibanda, upande ambao upepo wa mchana hautapeleka cheche kwenye mapaa.