Gata za nyumba Mombasa: pima paa kabla ya kwenda dukani

Ukuta ukianza kutoa unga mweupe na rangi kubanduka chini ya paa, wengi hukimbilia fundi wa rangi. Rangi hiyo haitashika, kwa sababu maji yangali yanaingia. Mawe yetu ya matumbawe hunywa maji upesi na kuyatoa polepole, yakija na chumvi. Anza juu, kwenye gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa.

Hesabu kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande wa paa unaofunika mita 60 za mraba, ukipigwa na mvua ya milimita 100 kwa saa wakati wa masika, humwaga lita 100 kila dakika. Gata ya inchi 4 yenye bomba moja mwishoni itafurika hata ikiwa mpya kabisa. Weka ya inchi 6 na uigawe njia mbili: sehemu ya juu iwe katikati, maji yateremke kwa bomba kila upande. Kwenye mabomba usibane pesa. Majani ya mwarobaini yakiziba tundu moja, la pili angalau litapunguza mafuriko.

Karibu na bahari, gata za mabati hushika kutu kuanzia pale zilipokatwa na kutobolewa. Plastiki ngumu hailiwi na chumvi, ila hutanuka kwa jua: kipande cha mita 4 huongezeka takriban milimita 5 joto likipanda nyuzi 20. Fundi asipoacha nafasi kwenye maungio, yatapasuka au gata itapinda. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana za kawaida ndizo huanza kuachia.

Fasha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata, ikiwa imeoza ibadilishwe kabla ya lolote. Braketi, yaani kishikio cha gata, haishiki kwenye mbao laini. Vuta uzi, shusha milimita 5 kwa kila mita, yaani sentimita 5 kwa urefu wa mita 10, kisha funga braketi kila sentimita 60. Ncha ya mabati ya paa iingie ndani ya gata kama sentimita 5. Ikiwa fupi, maji hurudi nyuma yakafuata ubao hadi ukutani. Ikizidi, mvua kali huruka nje. Na hili mafundi wengi hulipuuza: ukingo wa mbele uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, ili gata ikifurika imwage uani, si ukutani.

Bomba lisiishie kwenye msingi. Lielekeze kwenye tangi, na tangi nalo liwe na bomba la kutolea ziada, au upeleke maji angalau mita 1.5 kutoka ukutani. Plasta na rangi zisubiri ukuta ukauke, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, mimina ndoo kadhaa za maji kwenye sehemu ya juu ya gata. Maji yakituama popote, uzi haukunyooka. Braketi za hapo zifunguliwe na kufungwa upya.