Timu ya bidhaa: igawe kwa mteja, siyo kwa mitambo

Vijana wanaofungua kampuni za programu hapa Mwanza hupenda kuniuliza waajiri wangapi wa kazi ya meneja wa bidhaa, yaani mtu anayeamua programu itatue tatizo lipi la mteja kwanza. Nami huwarudishia swali: huyo wa kwanza atakuwa chini ya nani? Idadi ni hesabu tu, mtaipata. Ila mkimkalisha mahali pasipo pake, hata mkiajiri kumi watakuwa wanafanya kazi za idara nyingine.

Kazi hii nimeifanya kwenye kampuni kadhaa za jijini, nyingi zikiwahudumia wafanyabiashara wa samaki, dagaa na pembejeo, kwa hiyo mifano yangu inanuka ziwa. Kama upo Arusha na wateja wako ni wenye hoteli, badilisha majina tu.

Kampuni moja ilimweka meneja wa bidhaa chini ya mkuu wa mauzo. Kila ofisa mauzo aliyerudi kutoka Geita au Sengerema alikuja na ahadi ambayo mteja ameshapewa: tutawawekea ripoti hii, tutawaongezea huduma ile. Meneja akabaki kupokea oda na kuzifikisha kwa madevelopa, yaani waandika programu. Menyu ya simu za kitochi ikarefuka mpaka watu wakawa wanapotelea katikati. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani hizo menyu za kupiga nyota na reli, haubebi zaidi ya herufi 182. Ukisukumia chaguo tisa humo ndani, yanabaki mafumbo ya vifupisho anayoyaelewa aliyeyaandika peke yake. Na mteja akisoma taratibu, menyu inakatika, anaanza tena na nyota.

Nyingine ilimweka chini ya TEHAMA. Huko kila robo mwaka orodha ya kazi ilijaa kuhamisha seva na kusafisha kanzidata. Ni mambo ya lazima, sibishi, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza kwa nini wateja wa Magu wamekaa kimya.

Kwa hiyo meneja wa bidhaa wa kwanza aripoti kwa mkurugenzi mwenyewe, awe sawa na wakuu wa mauzo na ufundi. Mkurugenzi asiye na muda wa kumsikiliza asiajiri kwanza. Na kampuni ya watu wasiofika kumi haina haja ya cheo hicho. Aliyeianzisha ndiye meneja wa bidhaa, apende asipende.

Cheo chenyewe hakikuzaliwa kwenye kompyuta. Mwaka 1931 Neil McElroy, akiwa Procter & Gamble ya Marekani na akishughulika na sabuni ya Camay, iliyokuwa ikifunikwa na Ivory ya kampuni hiyohiyo, aliwaandikia wakubwa wake waraka akiomba kila chapa iwe na watu wake wa kuifuatilia. Ninachokipenda kwenye waraka ule ni kwamba mtu huyo alitakiwa kuangalia mauzo yanapolegea, kisha aende mwenyewe kuzungumza na wenye maduka na wanunuzi. Karibu miaka mia imepita, na bado kuna mameneja wa bidhaa wanaokaa ghorofani Capri Point wakiliangalia ziwa dirishani.

Sasa tuje kwenye mgawanyo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Nilipoingia kampuni niliyopo nilikuta timu tatu: ya programu ya simu janja, ya menyu ya kitochi, na ya malipo. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini mfanyabiashara wa dagaa wa mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, anazipita zote tatu kwa asubuhi moja. Mtu wake aliye kisiwani anaingiza mzigo kwa kitochi, mnunuzi anamlipa kwa simu, mtoto wake anayekaa dukani anaangalia salio kwenye simu janja. Hela ikiingia na mzigo usipungue kwenye hesabu, anampigia nani? Timu ya malipo inasema muamala umepita. Ya menyu inasema mzigo ulipokelewa. Ya simu janja inasema sisi tunaonyesha tu tulichopewa. Kila mmoja anasema kweli, na mama wa watu hana hesabu.

Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika kwamba taasisi hubuni mifumo inayofanana na njia zake zenyewe za mawasiliano. Ukitaka kuona ushahidi, fungua programu yoyote ambayo kurasa zake zinaongea lugha tatu tofauti, kisha kaulize timu zimegawanywaje.

Mfano mdogo wa vipimo. Timu zote tatu ziliweka kilo, kwa sababu kilo ni rahisi kwenye kompyuta. Nilikaa na mama mmoja pale mwaloni, daftari lake limechorwa mistari kwa rula: magunia, sado, deni. Nikamwonyesha sehemu ya kujaza kilo. Akacheka. “Mwanangu, kilo ni za huko kwenye mzani wa mnunuzi. Mimi hapa napima kwa sado.” Hakuna timu hata moja iliyokuwa na mamlaka ya kubadilisha kipimo. Ukikibadilisha kwenye menyu, ripoti za simu janja zinaharibika, na risiti za malipo nazo zinakataa. Jambo ambalo mtu mmoja angelimaliza kwa wiki lilihitaji vikao vya wakuu watatu.

Tukagawa upya kwa mteja. Timu moja ni ya mwaloni: wenye mitumbwi na wanaonunua kwao. Nyingine ni ya wauzaji wa jumla na wanaosafirisha mzigo nje ya mkoa. Kila timu ina meneja wa bidhaa, madevelopa wa simu janja na wa menyu ya kitochi, na msanifu wa kurasa na menyu. Ya tatu tunaiita timu ya msingi, inashika malipo, meseji na usalama, na wateja wake ni zile timu mbili. Hii ya tatu nayo iwe na meneja wa bidhaa. Wengi huiacha bila mtu kwa kuwa haionekani na mteja, matokeo yake inaendeshwa na anayepiga kelele zaidi.

Faida ambayo sikuitarajia ni ratiba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi mingi inapumzika. Timu ya mwaloni ikaacha mizunguko ya wiki mbili mbili inayopangwa na ofisi, ikafuata mwezi wa angani: mabadiliko makubwa na mafunzo kwa wateja yanaangukia siku za mbalamwezi, watu wakiwa nchi kavu na wana nafasi. Timu ya jumla haikuhitaji hayo, ikaendelea na wiki zake mbili. Acheni kila timu iwe na mwendo wake.

Kuhusu ukubwa, meneja mmoja kwa madevelopa watano hadi wanane anatosha. Timu ya watu watano ina jozi 10 za watu wa kuelewana. Ikifika watu 12, jozi ni 66, na nusu ya wiki inaishia kwenye vikao. Mchambuzi wa takwimu mnaweza kuwa naye mmoja kwa timu zote. Msanifu hapana, akigawanywa anakuwa fundi wa kupaka rangi mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Mkifikisha mameneja watatu au wanne, tafuteni mkuu wa bidhaa, na huyo msimpe bidhaa yake binafsi.

Madevelopa wasiwe chini ya meneja wa bidhaa. Wana mkuu wao wa ufundi. Meneja anaamua tatizo lipi litangulie na kwa nini, namna ya kulitatua ni yao. Akiwa na mamlaka ya kuwapandisha vyeo, hawatamwambia tena kwamba wazo lake ni bovu.

Wa kuwaajiri? Angalieni kwanza dawati lenu la huduma kwa wateja. Mtu aliyekaa pale akipokea simu za Ukerewe na Misungwi, anayemjibu mzee kwa Kisukuma pale Kiswahili kinapogoma, anajua matatizo ya bidhaa yenu kuliko mwenye vyeti vitatu. Kuandika mipango atafundishwa.

La mwisho, andikeni ukurasa mmoja unaosema kila timu inaamua nini bila kuomba ruhusa, na nani anaamshwa malipo yakigoma. Kwetu zamu ya timu ya msingi inaanza saa kumi alfajiri, maana mitumbwi ya dagaa huanza kuingia mapema na hela zinaanza kutembea hapohapo. Aliye zamu ana namba ya fundi wa kampuni ya simu mkononi, siyo ile ya huduma kwa wateja inayokupigia muziki.